TOVUTI ZINAZOAMBUKIZA NA KINGA YA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Kompyuta imekuwa chombo cha kawaida katika nyumba nyingi. Mwalimu huitumia kuandalia masomo na kuhifadhi alama za wanafunzi wake. Mwanafunzi huitumia kusomea na kuandikia insha. Familia huweka humo picha, hati na siri za benki. Kompyuta hiyo inapounganishwa na intaneti hupata faida nyingi, lakini hupata pia hatari. Yawezekana mtu akafungua ukurasa mmoja wa tovuti, akausoma na kuufunga, na baada ya dakika chache kompyuta yake ikawa inamtumikia mtu mwingine asiyemjua, aliye katika nchi ya mbali.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa maana huonekana kana kwamba kusoma hakuwezi kumdhuru msomaji. Makala haya yanaeleza jinsi ukurasa wa tovuti unavyoweza kuingiza programu mbaya katika kompyuta, kisha yanaonyesha kinga zilizo katika uwezo wa mwananchi wa kawaida. Jambo kuu la kushikwa ni kwamba maambukizi ya tovuti hupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni ufa uliomo katika programu za kompyuta yenyewe. Mlango wa pili ni ruhusa anayoitoa mwenye kompyuta kwa mkono wake. Anayeielewa milango hii miwili hahitaji kukariri orodha ndefu ya makatazo, kwani ataweza kupima mwenyewe kila jambo jipya litakalomfika.

MAAMBUKIZI YA MWAKA 2012

Tukio moja laonyesha milango yote miwili kwa pamoja. Mnamo Septemba 2011 iligunduliwa programu hasidi, yaani programu iliyotungwa kwa nia ya kudhuru, ikapewa jina la Flashback. Programu hiyo ililenga kompyuta za Macintosh za kampuni ya Apple, ambazo watu wengi wakati huo waliamini kuwa haziambukizwi. Mwanzoni Flashback ilijifanya kuwa Flash Player, programu iliyotumika siku hizo kuonyeshea video katika tovuti. Mtu alipofika kwenye tovuti iliyotegwa aliombwa aiweke programu hiyo katika kompyuta yake. Aliyekubali alimfungulia adui mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mapema mwaka 2012 watungaji wa Flashback walibadili mbinu. Walianza kuutumia ufa uliokuwamo katika Java, programu nyingine iliyokuwamo katika kompyuta nyingi. Tangu hapo haikuwa lazima tena mtu akubali lolote. Kufika tu kwenye tovuti iliyotegwa kulitosha. Nyingi ya tovuti hizo zilikuwa mali ya watu wasio na hatia. Wadukuzi walikuwa wamezivamia na kutia ndani yake maagizo ya siri, bila wenyewe kujua.

Kampuni ya Oracle, ambayo ndiyo mmiliki wa Java, ilikuwa imekwisha kuuziba ufa huo tarehe 14 Februari 2012. Lakini kompyuta za Macintosh zilipata Java kutoka Apple, na Apple ilitoa marekebisho yake tarehe 3 Aprili, siku 49 baadaye. Siku iliyofuata kampuni ya Doctor Web ya Urusi ilitangaza kwamba kompyuta zaidi ya 500,000 zimeambukizwa, na punde hesabu hiyo ikapita 600,000. Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini haikuwa imewafikia wagonjwa. Tofauti hiyo kati ya siku dawa inapotolewa na siku inapotumiwa ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya maambukizi ya kompyuta.

UKURASA WA TOVUTI NI NINI?

Ukurasa wa kitabu ni wino juu ya karatasi, nao haufanyi kazi yoyote. Ukurasa wa tovuti ni kitu tofauti. Ndani yake mna maandishi na picha, lakini mna pia maagizo ambayo kompyuta ya msomaji huyatekeleza. Mengi ya maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Ndiyo yanayofanya picha zibadilike, fomu zijazwe na ramani zisogezwe kwa kidole.

Programu inayoleta na kufungua kurasa hizo huitwa kivinjari. Miongoni mwa vivinjari vinavyojulikana ni Chrome, Firefox, Edge na Safari. Mtu anapoandika anwani ya tovuti, kivinjari huiomba kompyuta ya mbali impatie ukurasa huo. Aghalabu ukurasa mmoja hukusanywa kutoka kompyuta nyingi: maandishi hutoka pamoja na picha mahali pamoja, video mahali pengine, na matangazo ya biashara mahali pengine kabisa. Msomaji huona anwani moja tu, kumbe kivinjari chake kinazungumza na kompyuta kadhaa, na zote zaweza kukiletea maagizo.

Kwa kuwa maagizo hayo hutoka kwa watu wasiojulikana, vivinjari vya kisasa huyatenga, kama hospitali inavyowatenga wagonjwa wa kipindupindu ili wasiambukize wodi nyingine. Maagizo yanaruhusiwa kuchora, kukokotoa na kuonyesha, lakini hayaruhusiwi kufungua faili za mwenye kompyuta wala kuweka programu mpya. Chrome, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2008, ilijengwa kwa utaratibu huu tangu mwanzo, na vivinjari vingine vikubwa hufuata utaratibu wa namna hiyo. Hivyo basi, kwa kawaida ukurasa wa tovuti hauwezi kuiambukiza kompyuta. Ili uweze, hapana budi ukuta huo uwe na ufa, au mwenye nyumba amkaribishe mgeni ndani.

MLANGO WA KWANZA: NYUFA ZA PROGRAMU

Kivinjari ni miongoni mwa programu kubwa kabisa zilizomo katika kompyuta ya nyumbani. Kimetungwa kwa mamilioni ya mistari ya maagizo, na kazi ya mikono ya binadamu yenye ukubwa huo haiwezi kukosa makosa. Mengi ya makosa hayo hayana madhara makubwa, lakini baadhi yake humpa adui njia ya kupitisha maagizo yake nje ya mahali yalipotengwa.

Aina moja ya makosa hayo hutokana na matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, nayo yaweza kuelezwa kwa mfano wa bweni. Kitanda namba 12 kimepewa mwanafunzi mwaminifu, na karani ameandika katika daftari kwamba ufunguo wa stoo upelekwe kitanda namba 12. Mwanafunzi huyo anahama shule, kitanda kinabaki wazi, na mgeni mwenye nia mbaya anafanya haraka kukilalia. Ikiwa karani hakulirekebisha daftari lake, ataupeleka ufunguo kitanda namba 12 kama kawaida, na mgeni ataupokea. Ndivyo inavyotokea katika kumbukumbu ya kompyuta: programu huiachia nafasi fulani, husahau kwamba imeiachia, kisha huitumia tena baada ya adui kuijaza maagizo yake. Mnamo mwaka 2020 watengenezaji wa Chromium, programu ambayo juu yake Chrome hujengwa, walieleza kwamba kiasi cha asilimia 70 ya makosa yao makubwa ya usalama yalihusu matumizi mabaya ya kumbukumbu, na karibu nusu ya hayo yalikuwa ya aina hii ya kitanda kilichoachwa.

Wahalifu hawahitaji kuwa mabingwa wote. Kwa miaka mingi palikuwa na biashara ya seti za zana za kushambulia, zikikodishwa kwa malipo. Mbili zilizojulikana sana ziliitwa Blackhole na Angler. Ukurasa uliotegwa kwa zana hizo ulikagua kwanza kivinjari cha mgeni na programu zilizoambatanishwa nacho, ukatambua matoleo yake, kisha ukachagua shambulio lililofaa. Aliyekuwa na matoleo mapya alipita salama. Aliyekuwa na matoleo ya zamani aliambukizwa bila kuona dalili yoyote. Mtungaji wa Blackhole alikamatwa nchini Urusi mwaka 2013, lakini wengine wakaichukua nafasi yake.

Ushauri wa siku nyingi kwamba mtu atembelee tovuti nzuri tu hautoshi kuwa kinga. Mnamo Machi 2016 matangazo ya biashara yaliyotiwa sumu yalionekana katika tovuti mashuhuri, zikiwamo za gazeti la New York Times na shirika la BBC. Tovuti hizo zenyewe hazikuwa zimevamiwa. Matangazo yaliletwa na mitandao ya matangazo, na wahalifu walikuwa wamejipenyeza katika mitandao hiyo. Msomaji aliyefungua habari za asubuhi akiwa na programu zenye nyufa alipelekwa kwa siri kwenye zana za Angler.

Mtengenezaji wa programu akigundua ufa hutoa marekebisho, yaani kiraka cha kuuziba. Lakini kiraka hicho husomwa pia na wahalifu. Kwa kulinganisha programu ya zamani na ile iliyorekebishwa, mtaalamu huweza kutambua ufa ulikuwa wapi, kisha akatunga shambulio dhidi ya wale ambao hawajaziba. Kwa sababu hiyo, siku kiraka kinapotolewa, hatari ya aliyekipata hupungua na hatari ya asiyekipata huongezeka. Zipo pia nyufa ambazo wahalifu huzijua kabla ya mtengenezaji. Hizo ni za thamani kubwa, na mara nyingi hutumiwa kwa uangalifu dhidi ya watu wachache waliolengwa. Kompyuta ya nyumbani hushambuliwa zaidi kwa nyufa ambazo tayari zina viraka.

MLANGO WA PILI: RUHUSA YA MWENYEWE

Kadiri vivinjari vilivyoimarika, ndivyo wahalifu walivyozidi kuugeukia mlango wa pili. Kumdanganya mtu ni rahisi kuliko kuvunja ukuta.

Tarehe 24 Oktoba 2017 programu hasidi iliyoitwa Bad Rabbit ilienea hasa katika Urusi na Ukraine. Ilitegwa katika tovuti za habari zilizokuwa zimevamiwa. Msomaji alionyeshwa kidirisha kilichodai kwamba Flash Player yake yahitaji kufanywa upya. Aliyekubali na kuifungua faili iliyoletwa alikuta baada ya muda faili zake zimefungwa kwa msimbo wa siri, na maandishi yakimtaka alipe bitcoin 0.05 ili zifunguliwe. Miongoni mwa walioathirika walikuwa shirika la habari la Interfax, reli ya chini ya ardhi ya Kiev na uwanja wa ndege wa Odessa. Flash Player yenyewe ilikomeshwa na mtengenezaji wake, kampuni ya Adobe, tarehe 31 Desemba 2020. Kwa hiyo tovuti yoyote inayomtaka mtu aiweke leo ni ya udanganyifu.

Kuanzia mwaka 2024 wataalamu wametoa taarifa nyingi kuhusu hila nyingine iliyopewa jina la ClickFix. Ukurasa humwambia msomaji athibitishe kwamba yeye ni binadamu, au kwamba kuna hitilafu anayopaswa kuirekebisha. Huagizwa abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha Ctrl pamoja na V, kisha Enter. Maagizo haya huonekana kama mchezo mdogo usio na maana, lakini kila hatua ina kazi yake. Ukurasa umekwisha kunakili amri kwa siri katika kumbukumbu ya kunakilia. Hatua ya kwanza hufungua kidirisha cha kuendeshea amri za kompyuta. Ya pili hubandika amri ile. Na ya tatu huitekeleza. Hapo kivinjari hakina la kufanya, kwa sababu amri imetolewa na mwenye kompyuta mwenyewe. Hakuna tovuti ya kweli inayohitaji hatua hizo ili kumtambua binadamu.

Hila za mlango huu hubadilika kila mwaka, lakini zote zina mambo matatu yanayofanana. Huleta haraka, kwa kudai kwamba kompyuta imekwisha ambukizwa au zawadi inakaribia kupotea. Huvaa jina la anayeaminiwa, kama benki, serikali au kampuni kubwa. Na mwisho humtaka msomaji atende jambo: apakue, aruhusu, abandike au aandike nenosiri. Mahali palipo na mambo hayo matatu pamoja pana kila sababu ya kushuku.

Inafaa kutaja pia programu za kuvunjia kufuli la leseni, ambazo hutafutwa sana na watu wasiotaka au wasioweza kulipia programu. Nyingi humtaka mtumiaji azime kinga ya kompyuta kabla ya kuziweka. Anayefanya hivyo huwa amemwondoa mlinzi ili kumpitisha mgeni asiyemjua. Asiye na uwezo wa kununua ana njia halali: LibreOffice kwa kazi za ofisi, na mfumo wa Linux badala ya Windows, vyote hupatikana bila malipo.

HASARA ZINAZOFUATA

Programu hasidi za leo hutungwa hasa kwa ajili ya fedha. Flashback ilielekeza matokeo ya utafutaji wa watumiaji kwenye matangazo ili watungaji wake wapate malipo. Programu za kudai fidia, kama Bad Rabbit, hufunga faili na kudai fedha. Kwa mwalimu ambaye alama za miaka mitatu zimo katika kompyuta moja tu, au kwa familia ambayo picha za marehemu hazipo kwingine, hasara hiyo yaweza kuwa ya kudumu hata baada ya kulipa, kwani mhalifu halazimiki kutimiza ahadi.

Aina nyingine, iliyoenea sana, ni programu za kuiba siri. Hizi hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani alama ndogo ambazo tovuti huweka katika kompyuta ili imkumbuke mtu aliyekwisha ingia. Mwizi aliyepata kidakuzi huweza kuingia katika akaunti ya barua pepe bila hata kulijua nenosiri. Kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei 2025 ilitambua kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa programu moja tu ya aina hiyo, iitwayo Lumma.

KINGA ZILIZO KATIKA UWEZO WA NYUMBANI

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinga ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote kwa mlango wa kwanza, ni kuzisasisha programu mara viraka vinapotoka. Microsoft hutoa viraka vya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni usiku. Vivinjari hujisasisha vyenyewe, lakini mara nyingi kiraka hakianzi kazi mpaka kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya. Kompyuta ambayo haizimwi kwa wiki nyingi, huku kivinjari kikiwa wazi, yaweza kuwa imepokea dawa bila kuinywa.

Katika Afrika Mashariki liko tatizo la gharama. Watu wengi huunganisha kompyuta na intaneti kwa kupitia simu, na kwa kuogopa kumaliza kifurushi huzuia usasishaji. Windows nayo, ikiwa imeelezwa kwamba muunganisho hulipiwa kwa kipimo, huacha kupakua viraka vingi yenyewe. Inafaa basi kutenga siku moja katika wiki inayofuata Jumanne ya pili, na kuipeleka kompyuta mahali penye intaneti ya kuaminika, kama shuleni au ofisini, ili ipate viraka vyote kwa pamoja. Gharama ya kifurushi kimoja kwa mwezi ni ndogo kuliko gharama ya kupoteza kazi ya mwaka.

Pamoja na hayo, sharti mfumo wenyewe uwe bado unahudumiwa. Windows 7 ilikoma kupata viraka vya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifuata tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa kompyuta zilizoandikishwa katika mpango wa nyongeza. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa madukani bado zina mifumo ya namna hiyo, na mnunuzi yampasa aulize kabla ya kulipa. Kompyuta isiyoweza kupokea Windows mpya mara nyingi huweza kuendeshwa vizuri kwa Linux.

Kinga ya pili ni kupunguza vinavyoweza kuwa na ufa. Kila programu isiyotumika na kila kiambatisho cha kivinjari kisicho cha lazima ni dirisha jingine la kulindwa. Kisichohitajika kiondolewe.

Kinga ya tatu ni kutumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Akaunti ya kwanza katika Windows huwa na mamlaka ya msimamizi, yaani uwezo wa kubadili mfumo mzima. Ni vema familia iwe na akaunti moja ya msimamizi yenye nenosiri, na kila mmoja apewe akaunti yake isiyo na mamlaka hayo. Hata hivyo kinga hii ina mpaka wake. Programu iliyoingia katika akaunti ya kawaida bado yaweza kusoma na kufunga faili za mwenye akaunti hiyo, kwa kuwa hizo ni zake na ana haki ya kuzibadili.

Kinga ya nne ni programu ya kupambana na virusi. Windows 10 na Windows 11 zina programu hiyo tayari ndani yake, nayo yatosha kwa nyumba nyingi iwapo haikuzimwa. Hutambua programu hasidi zinazojulikana, na huchunguza pia mwenendo wa kushuku. Haiwezi kutambua kila kitu kipya, kwa hiyo isichukuliwe kuwa leseni ya uzembe. Vilevile inafaa kuweka katika kivinjari kizuizi cha matangazo kinachoaminika. Mnamo Desemba 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa ushauri huo baada ya wahalifu kununua matangazo katika tovuti za utafutaji na kujifanya kampuni halali.

Kinga ya tano ni nakala za akiba, na hii ndiyo inayookoa pale zote nyingine zinaposhindwa. Kanuni inayofundishwa na wengi ni kuwa na nakala tatu za kila faili muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani. Diski ya nje au flashi yenye nakala ichomolewe mara kazi inapokwisha. Ikiachwa ndani, programu ya kudai fidia itaifunga pamoja na kompyuta.

Yapo pia mambo mawili yanayodhaniwa kuwa kinga, nayo sivyo. Alama ya kufuli au herufi https katika anwani huonyesha kwamba mawasiliano kati ya kompyuta na tovuti yamefichwa ili yasisomwe njiani. Haionyeshi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwani mhalifu naye huweza kuipata. Na hali ya kuvinjari kwa faragha huzuia kivinjari kuhifadhi kumbukumbu za kurasa zilizotembelewa; haizuii maambukizi.

ZOEZI LA DARASANI: KUSOMA ANWANI

Walimu waweza kuwafundisha wanafunzi stadi moja yenye manufaa makubwa bila kuhitaji kompyuta, kwa ubao na chaki tu. Mmiliki wa tovuti hutambuliwa kwa kusoma anwani kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Kwa mfano, anwani ya Baraza la Mitihani la Tanzania ni www.necta.go.tz. Kutoka kulia, tz ni Tanzania, go ni serikali, na necta ni Baraza lenyewe. Maneno yaliyo kushoto zaidi hupangwa na mmiliki apendavyo.

Sasa wanafunzi wapewe anwani mbili za kubuni: matokeo.shule.example/kidato-cha-nne, na shule.example.matokeo-bure.example/kidato-cha-nne. Swali ni hili: ipi kati yake ni ya mwenye shule.example? Jibu ni ya kwanza. Anwani ya pili ni ya mtu anayemiliki matokeo-bure.example, ambaye ameliweka jina la shule mbele ili kumdanganya anayesoma kutoka kushoto. Wanafunzi watunge wenyewe mifano mingine na kutegana. Anayeweza kutunga mtego wa namna hii hataingia ndani yake kwa urahisi.

IKIWA KOMPYUTA IMEKWISHA AMBUKIZWA

Ikidhihirika kwamba kompyuta imeambukizwa, jambo la kwanza ni kuikata na intaneti na kuchomoa vyombo vyote vya kuhifadhia. Pili, maneno ya siri ya barua pepe na benki yabadilishwe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi, na akaunti ziamriwe kuwatoa wote waliokwisha ingia, ili vidakuzi vilivyoibiwa vikose nguvu. Akibadili maneno hayo katika kompyuta iliyoambukizwa, atakuwa anamkabidhi mwizi maneno mapya. Tatu, kompyuta ikaguliwe kwa programu ya kupambana na virusi. Na ikiwa shaka ipo, njia ya uhakika ni kufuta kila kitu, kuweka mfumo upya na kurejesha faili kutoka nakala za akiba.

Aliyefungiwa faili asikimbilie kulipa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa bila malipo funguo za baadhi ya programu za kudai fidia. Taarifa zaweza pia kupelekwa kwa vikosi vya taifa vya kushughulikia matukio ya kompyuta: TZ-CERT kwa Tanzania na KE-CIRT kwa Kenya.

HITIMISHO

Virusi vya maradhi havina nia. Huenea kwa mujibu wa maumbile. Programu hasidi hutungwa na mtu mwenye akili na kusudi, naye hubadili mbinu kila kinga mpya inapotokea. Ndiyo maana orodha ya hila za mwaka huu haitatosha mwaka ujao. Lakini kutoka Flashback hadi ClickFix milango imebaki ile ile miwili. Wa kwanza hufungwa kwa kusasisha programu bila kuchelewa. Wa pili hufungwa kwa desturi ya kusita kidogo kila ukurasa unapotaka jambo litendwe haraka. Na nyuma ya milango yote miwili kuwe na nakala ya akiba iliyochomolewa, ili siku kinga zitakaposhindwa kazi ya mwalimu, masomo ya mwanafunzi na kumbukumbu za familia zisipotee.